Velázquez, Mchoraji wa Mfalme: Somo la Kutazama

Mara nyingi, tunapowatembelea walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, twaona somo la kuchora likianza kwa amri: "Choreni nyumba." Darasa zima huchora nyumba moja, yenye paa la pembetatu na dirisha katikati, ingawa huenda hakuna mtoto hata mmoja anayekaa katika nyumba ya namna hiyo. Kosa hili si la mkono, bali ni la macho: mtoto hakufundishwa kutazama. Ili kulieleza jambo hili tumechagua maisha ya mchoraji wa Hispania, Diego Velázquez, mmoja wa mabingwa wa zama za sanaa ziitwazo Baroki.

Velázquez alizaliwa Seville mwaka 1599. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alianza kujifunza kazi kwa mchoraji Francisco Pacheco, ambaye baadaye akawa mkwewe. Hakuanza na wafalme. Mwaka 1618 alichora bibi kizee akikaanga mayai, na karibu na wakati huo, mwuza maji akimpa mvulana bilauri. Mtungi, kitunguu, kisu na kivuli chake, vyote alivitazama kwa makini yale yale aliyoutazama uso wa mtu.

Mwaka 1623 Mfalme Felipe wa Nne alimwajiri kuwa mchoraji wake huko Madrid. Siku hizo hapakuwa na kamera. Kazi ya mchoraji wa mfalme ilikuwa kuzihifadhi sura za mfalme na jamaa zake, na nyingine zilipelekwa katika nchi za mbali. Lakini Velázquez aliwachora pia watumishi, pamoja na watu wenye kimo kifupi waliowekwa kasrini ili kuwachekesha wakubwa. Mmoja wao, Sebastián de Morra, ameketi chini akitutazama usoni, wala hakuna mzaha katika picha ile. Katika Las Meninas ya mwaka 1656, binti mfalme Margarita, watumishi wake, mbwa, na mchoraji mwenyewe mwenye brashi mkononi, wote wamo katika chumba kimoja.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mtumwa wa Velázquez na msaidizi wake kazini. Mwaka 1650, walipokuwa Roma, Velázquez alimchora akiwa amesimama wima, kichwa juu, kama bwana yeyote. Mwaka huo huo alitia sahihi hati ya kumwacha huru, kwa sharti la kutumika miaka minne zaidi. Tusimsifu kupita kiasi: jicho lililouona utu wa Pareja lilikuwa la mtu aliyemmiliki. Pareja naye akawa mchoraji. Katika picha yake kubwa ya mwaka 1661 alijichora mwenyewe, miongoni mwa watu wa hadithi ya Injili. Velázquez alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Je, mwalimu atayatumiaje haya? Picha ya Pareja ikipatikana, waonyesheni watoto bila kutaja jina wala hali yake. Waache watazame kimya kwa dakika mbili. Kisha waulizeni: Mwanga watoka upande gani? Mtu huyu ana cheo gani, na mmejuaje? Baada ya majibu, ndipo muwasimulie habari zake. Picha isipopatikana, wawekeni watoto wawili wawili, kila mmoja amchore mwenzake kwa mkaa, akitazama mara nyingi kuliko anavyochora.

Mwalimu naye hana budi kulifanya zoezi hili. Yule mtoto akaaye nyuma, asiyenyoosha mkono, tumekwisha kumtazama usoni mara ngapi wiki hii?