Fujo na Mwendo katika Mustari wa Spini

Museminari mumoja wa hapa Bigo, katika Bunia, alitufuata siku moja nyuma ya masomo. Alikuwa amesoma kwamba fujo inaweza kusimamisha mwendo kabisa ndani ya kitu, naye alikataa. Fujo inakawisha, alisema, haisimamishi. Kamio inayopita katika potopoto inachelewa, lakini mwisho inafika, hata kama ni kesho kutwa. Tulimujibu kwa haraka na vibaya. Tujaribu tena.

Tufikiri watu waliosimama mustari, wakipitishana matofali toka kamio mupaka pahali pa kujenga. Spini ni kama kisumaku kidogo sana ndani ya elektroni, kinachoelekea juu ao chini. Katika mustari wa spini, kila moja inagusana na jirani yake tu. Yenye kuelekea juu inaweza kubadilishana na jirani yenye kuelekea chini, na hivi ile «juu» inapita mukono kwa mukono kama tofali. Kama pahali pote panalingana, umbali mara mbili unaomba muda mara mbili. Neno fujo hapa si ugomvi: maana yake kila pahali pana nguvu yake ya sumaku, huku kubwa, kule ndogo, bila kanuni.

Kama ile «juu» ingekuwa tofali kweli, museminari angekuwa na haki. Tofali linalosukumwa huku na huku bila kanuni linakwenda polepole, umbali mara mbili kwa muda mara nne, lakini linakwenda. Spini inakwenda kama wimbi. Mwenye kutupa mawe mawili ziwani kule Kasenyi ameona: pale mugongo wa wimbi moja unapokutana na bonde la lingine, maji yanatulia. Vivyo hivyo, kila pahali pasipolingana panarudisha sehemu ya wimbi, na sehemu zile zinakutana. Mbele zinauana, karibu na chanzo zinaongezana. Wimbi linabaki limefungwa nyumbani mwake. Na kwa kuwa katika mustari hakuna njia ya kuzunguka kando, hata fujo ndogo inatosha. Nyumba tu inakuwa kubwa zaidi.

Aliyeona maneno haya ni Philip Anderson wa Marekani, mwaka 1958. George Feher alikuwa amepima silisiumu yenye atomu chache za fosforo zilizotawanyika, na spini zake hazikusambaa ginsi ilivyotazamiwa. Mwaka 1977 Anderson alipewa Nobel, pamoja na Nevill Mott na John Van Vleck.

Lakini hesabu yake ilifuata «juu» moja peke yake. Spini nyingi zinasukumana, na jirani anaweza kukopesha nguvu kidogo ili kuvuka kizuizi. Je, mwendo unarudi? Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Changanya maji ya moto na ya baridi: nyuma ya saa moja hakuna anayeweza kusema yapi yalikuwa yapi. Kitu kilichosimama kwa fujo hakisahau hivi. Mwaka 2015, kule München, wataalamu walipanga atomu za potasiumu katika mistari ya nuru, wakijaza pahali pamoja na kuacha pa pili. Bila fujo, alama ile ilifutika upesi. Fujo ilipokuwa na nguvu, alama ilibaki.

Kati ya hizo mbili kuna mwendo wa kuchechemea, ambapo umbali mara mbili unaomba zaidi ya muda mara nne, kwa sababu katika mustari pahali pabaya pamoja panangojesha wote.

Mwaka 2016 John Imbrie alionyesha kwa hesabu, juu ya sharti moja, kwamba fujo kubwa inafunga hata spini nyingi. Tangu mwaka 2019 mabishano yamekuwa makali. Mashini zinahesabu mistari mifupi tu: spini 20 tayari zina hali 1.048.576. Tena, katika mustari murefu sana, patapatikana kwa bahati kipande chenye fujo ndogo. Kile kinaweza kuamusha jirani zake, nao jirani zao, polepole sana, mupaka mustari wote umesahau mwanzo wake. Museminari wetu alikosa juu ya wimbi moja. Juu ya spini nyingi, wako wataalamu wanaosimama upande wake.