SOKO LA URANI: HESABU KWANZA, MAUZO BAADAYE

Mfanyabiashara yeyote anajua kuwa stoo isiyo na hesabu haipati mkopo benki. Katika biashara ya urani hali ni hiyo hiyo, ila hapa anayekagua stoo ni Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna.

Mfano mzuri ni Kazakhstan. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, nchi hiyo ilirithi migodi, kiwanda cha fueli ya nyuklia cha Ulba na kinu cha Aktau. Wakaguzi wa kimataifa hawakuwa wamezoea kufika huko. Mwaka 1994 ilijiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ikatia saini pia mkataba wa ukaguzi, ulioanza kutumika mwaka 1995.

Kutia saini ni jambo moja, kutekeleza ni jingine. Marekani, Japani, Sweden na Uingereza zilisaidia kwa vifaa vya kupimia, kompyuta za kutunzia kumbukumbu na mafunzo kwa watumishi. Kazi yenyewe inafanana na kuhesabu mali dukani: kila kilo inapimwa na kuandikwa, makasha yanapigwa lakiri, kisha mkaguzi anakuja kulinganisha daftari na mzigo.

Hatari haikuwa ya kufikirika tu. Mwaka huo huo wa 1994, kilo 600 hivi za urani iliyorutubishwa sana, zinazotosha mabomu yapatayo 20, ziliondolewa Ulba kwa ndege na kupelekwa Marekani.

Faida imeonekana. Katika miaka ya karibuni Kazakhstan imekuwa ikitoa takriban asilimia 40 ya urani yote inayochimbwa duniani, na hisa za kampuni yake ya taifa, Kazatomprom, ziliingia katika soko la London mwaka 2018. Ukaguzi peke yake haukuleta mafanikio hayo, kwani urani ya huko ni nyingi na gharama za kuichimba ni ndogo. Lakini wanunuzi wakubwa hawagusi mzigo usiojulikana ulikotoka wala unakokwenda.

Tanzania, yenye urani eneo la Mto Mkuju wilayani Namtumbo, nayo ina mkataba wa ukaguzi tangu mwaka 2005. Mwekezaji mdogo anayevutiwa na hisa za urani asitazame bei peke yake. Aulize pia: hesabu za nchi hiyo zinakaguliwa na nani?