Nusu ya Habari ya Majengo

Taja Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, mbele ya watafiti wa Ukimwi popote duniani, nao watakusimulia habari ya wanawake ambao hawakuambukizwa. Habari ni ya kweli, ila ni nusu tu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida zaidi kwetu.

Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, waliwapima wanawake waliouza ngono mtaani humo. Takriban wawili katika kila watatu walikuwa na virusi vya Ukimwi (VVU) tayari. Baadaye Dkt. Frank Plummer na wenzake wakabaini kikundi kidogo ambacho, licha ya miaka mingi ya kazi hiyo, kila kipimo kilionyesha hakina VVU. Wengi wao walikuwa na chembe nyeupe za damu zilizojifunza kuziua seli zilizovamiwa na kirusi. Tumaini la chanjo likazaliwa hapo. Mwaka 2001 Prof. Job Bwayo, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, akaanza kuijaribu chanjo hiyo Nairobi. Haikufaulu.

Na kinga hiyo si ya kudumu. Baadhi ya wanawake wale waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi kwa muda. Maelezo yanayoaminika ni kwamba chembe hizo hupungua zisipokutana na adui mara kwa mara. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba damu yake ni kali.

Nusu iliyoachwa ni hii: kilichookoa wengi ni kazi ya muuguzi, Prof. Elizabeth Ngugi. Aliitisha mabaraza, wanawake wakachagua viongozi wao, wakafundishana kutumia kondomu na kumkataa mteja asiyeitaka. Zahanati ya mtaa huo nayo ikatibu kisonono, kaswende na pangusa. Hili la pangusa lina uzito wake: kidonda sehemu za siri hufungua ngozi, na chembe zilezile ambazo VVU huzivamia hukusanyika hapo kukiponya. Ukitibu kidonda, umeziba njia ya kirusi. Pangusa, iliyosumbua Nairobi miaka ya 1980, leo ni nadra. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kuwa kuhudumia wanawake wapatao 500 kulizuia maelfu ya maambukizi kila mwaka, kwa dola 8 hadi 12 kwa kila ambukizo.

Leo silaha zimeongezeka. Kenya ilianza kutoa vidonge vya PrEP, vya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, kwa umma mwaka 2017. Mwaka 2024, katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya wanawake zaidi ya 2,000 waliodungwa dawa ya kinga ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka. Lakini dawa haitumiki bila mtu wa kuileta na kuieleza, na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, watu hao, wakiwemo waelimishaji rika, walikuwa miongoni mwa waliopoteza kazi.

Serikali ya kitaifa na ya kaunti ziwalipe waelimishaji rika kutoka bajeti yetu wenyewe. Nawe msomaji, kama hujui hali yako, nenda kapime wiki hii, na uulize kuhusu PrEP.