Wanawake Waliosoma Shule Moja na Mikutano Yao ya Nyumbani

Jumapili alasiri, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni karibu na reli mpaka Maringo, Jericho na Buru Buru, si ajabu kuona mabibi kumi au kumi na wawili wakiingia nyumba moja, huyu na kikapu, yule na mtoto mgongoni. Mpita njia hudhani kwamba pana posa au matanga. Mara nyingi si hivyo. Ni wanawake waliosoma shule moja wakiwa wasichana, nao wamekuja kunywa chai, kutoa mchango, na kuulizana habari za yule ambaye hakuonekana mwezi uliopita.

Desturi hii haikuwa rahisi kuanza. Makao mengi ya Waafrika yaliyojengwa Nairobi kabla ya Vita Kuu ya Pili yalikusudiwa wanaume walioacha jamaa zao nyumbani, na chumba kimoja kililaza watu kadhaa. Wanawake walikuwa wachache mjini, na waliosoma walikuwa wachache zaidi. Shule ya juu ya wasichana Waafrika huko Kikuyu, ambayo sasa huitwa Alliance, ilifunguliwa mwaka 1948 tu. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa mfanyakazi umtoshe yeye pamoja na mkewe na watoto wake, wala si yeye peke yake. Jamaa zilipozidi kuhamia mjini, msichana aliyesoma bwenini pamoja na wenzake mia alijikuta katika nyumba ya kupanga, jirani hamjui, na mume yuko kiwandani tangu asubuhi.

Wakati huo huo wanawake walikuwa wakijifunza namna ya kuendesha chama. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, na mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wake. Katika vilabu vyake mwanamke wa kawaida alipata kujua kazi ya mwenyekiti, ya mwandishi na ya mweka hazina. Vikundi vya shule vinavyokutana leo si matawi ya Maendeleo, lakini mtu akitazama daftari zao atatambua ujuzi ule ule.

Katika nchi nyingine jambo hili limekua likawa kubwa sana. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, wanafunzi wanawake weusi walianzisha chama cha Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, na kingine, Delta Sigma Theta, mwaka 1913. Mwanachama haachi chama amalizapo masomo, bali hujiunga na tawi la mji anamokaa, hata akiwa bibi mzee. Wasomaji wa Kiambu na Nairobi watapenda kujua kwamba fedha za Delta Sigma Theta zilifika mpaka Thika, kusaidia hospitali ya wazazi. Kikombe cha chai kati ya rafiki kinaweza kwenda mbali.

Katika mitaa ya Nairobi kifungo kikubwa ni mchango wa mzunguko, ambao Watanzania huuita upatu. Chukua mfano wa kikundi cha wanawake kumi na wawili, kila mmoja akitoa shilingi 1,200 kwa mwezi. Shilingi 1,000 za kila mmoja hupewa mwenye zamu, naye hupata 12,000 kwa jumla, pamoja na zake mwenyewe. Shilingi 200 zilizobaki huingia katika sanduku la dharura, ambalo kwa mwaka hukusanya 28,800. Zamu hupangwa kwa kura. Mwanachama mgeni huwekwa mwisho, kwa maana aliyepokea mwanzo anaweza kuhama mtaa akasahau wenzake, na jambo hilo limevunja vikundi vingi kuliko ugomvi wa maneno.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, aliye kazini siku ya mkutano aweza kupeleka fedha kwa simu. Faida yake ni dhahiri. Lakini wako wanaotuma fedha mwezi baada ya mwezi bila kuonekana, hata kikundi kikabaki hesabu tupu. Kwa sababu hiyo vikundi vingine hutoza faini kwa asiyefika bila udhuru, hata kama mchango wake umekwisha kufika.

Shida iliyo kubwa zaidi haitajwi sana. Wasichana waliovaa sare moja hawabaki na hali moja. Mmoja ni karani wa benki, mwingine hufunga bidhaa katika kiwanda cha Lunga Lunga Road kwa ujira wa siku, na wa tatu mume amefariki. Mwenye nafasi akipokea wageni kwa pilau na kuku, mwenzake ambaye zamu yake inafuata hukopa ili asiaibike, au hujisingizia ugonjwa. Kisha haji tena. Wenzake husema amejitenga, kumbe ni gharama ya kuku. Vikundi vilivyodumu vimeliona jambo hilo, navyo vimeandika katika kanuni zao kwamba chakula ni chai na maandazi, au chai na chapati, wala kisizidi hapo, nyumba iwe ya nani. Kanuni hiyo ndogo ina maana kuliko nyingi zinazoandikwa kwa maneno makubwa.

Tena afaa kupangwa mtu wa kumfuata asiyefika. Mtu huyo asiwe mweka hazina, maana akimwona mlangoni mwenye deni atadhani amekuja kudai. Aende aliyelala naye kitanda cha jirani bwenini, akae, aulize habari za watoto. Ikiwa kazi imekwisha, sanduku laweza kumlipia miezi miwili au mitatu, na deni hilo liandikwe waziwazi katika daftari ili pasiwe na minong'ono.

Kikundi kinachotaka kufungua hesabu ya benki kwa jina lake yafaa kiandikishwe. Sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii huhitaji wanachama wasiopungua kumi, pamoja na katiba na majina ya viongozi. Maofisa wa maendeleo ya jamii ndio wanaoshughulika na kazi hiyo.

Mkutano huanza saa nane na hufungwa kabla ya saa kumi na mbili, ili wanaokaa mbali wapate matatu kabla ya giza. Mwandishi husoma jina la mwenye zamu ijayo na nambari ya nyumba yake. Vikombe huoshwa na wageni, si na mwenyeji.