Simu mpya yaikataa, simu kuukuu yaikataa: Namba tatu zinazoikwamisha programu

KUANZIA soko la Mabanda hadi mpakani Mugina, na ukivuka hadi Manyovu upande wa Tanzania, si ajabu kumkuta mfanyabiashara ana simu mbili: kitochi cha kupigia na kutumia fedha, na simu janja ya kuangalia picha za mzigo kabla haujapakiwa. Vijana wetu wameiona nafasi hiyo. Wanatengeneza daftari la madeni la kwenye simu, kikokotoo cha kugeuza faranga kuwa shilingi, orodha ya bei za mawese na mchele. Ni jambo la kutia moyo, ila programu nyingi za aina hiyo hukwama kabla hazijatumika hata siku moja, na chanzo mara nyingi ni namba za SDK.

Nitaeleza kwa Kiswahili kile kile nilichofundishiwa hesabu kule Ulyankulu, kabla familia yetu haijarejea Burundi. SDK ni seti ya zana anazotumia mtu kutengeneza programu ya simu. Kila toleo la Android lina seti yake, na kila seti ina namba yake. Android 5.0 ya mwaka 2014 ni namba 21. Android 6 ya mwaka 2015 ni 23, Android 8 ya mwaka 2017 ni 26, na Android 15 ya mwaka 2024 ni 35. Jina la toleo ni la kuwaambia wateja dukani. Mashine yenyewe husoma namba.

Mwaka 2025 mwanafunzi wangu mmoja alitengeneza daftari la madeni kwa ajili ya akina mama wawili wanaoshirikiana biashara ya mawese. Mmoja anauza Mabanda, mwenzake yuko Manyovu. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la karatasi, na mwisho wa mwezi hesabu za madumu zilikuwa hazilingani. Ushirika wa miaka mingi ulikuwa umeanza kuingia maneno. Waliafikiana kutumia programu moja, kisha kila Jumamosi kupelekeana nakala ya hesabu.

Kijana aliijenga programu yake kwa kufuata kitabu cha zamani, na kitabu kiliweka namba 22 kama toleo linalolengwa. Kwenye simu ya mama wa Mabanda, ambayo ni Android 6, ikaingia bila shida. Simu ya mama wa Manyovu ilikuwa mpya, Android 15, nayo ikaikataa katakata. Kijana akaanza mradi mpya kwa kiolezo cha kisasa, namba zote akaziacha kama zilivyokuja. Safari hii Manyovu ikapokea, Mabanda ikakataa.

"Kumbe hata simu inakuwa mkimbizi, mwalimu?" akaniuliza mama yule.

Ndani ya faili la Gradle la mradi kuna mistari mitatu inayohusika. Wa kwanza ni minSdk, yaani namba ya chini kabisa ya simu inayoruhusiwa. Kiolezo kile kilikuwa na 24, na simu ya Android 6 ni 23. Imepungukiwa namba moja tu, lakini mlango hauna mjadala.

Wa pili ni targetSdk, na huu ndio unaowasumbua wengi. Ni tamko. Mtengenezaji anaiambia simu: "Nimeijaribu programu hii kwa kanuni za toleo fulani, nichukulie hivyo." Simu mpya inapokuta tamko la zamani, huilegezea programu hiyo baadhi ya kanuni. Wenye nia mbaya waliutumia mwanya huo, wakatangaza namba za zamani ili wakwepe kuomba ruhusa za mtumiaji. Ndiyo maana Android 14 hukataa kusakinisha programu inayolenga chini ya 23, na Android 15 imepandisha kikomo hicho hadi 24. Tamko la 22 lisingeweza kupita Manyovu. Aidha, duka la Google Play lina sharti lake: tangu Agosti 31, 2025 programu mpya inayopelekwa huko lazima ilenge 35 au zaidi.

Wa tatu, compileSdk, hauendi kwenye simu kabisa. Unaiambia kompyuta itumie orodha ipi ya zana wakati wa kujenga. Kuupandisha hadi 35 hakumfukuzi mwenye simu kuukuu hata mmoja, ingawa wapo vijana wanaouogopa kama ushuru. Gharama yake iko kwenye kompyuta: kupakua seti hiyo kwa vifurushi vyetu vya intaneti, na kuwa na Java 17, ambayo Gradle ya Android ya toleo la 8 inaidai.

Utaratibu wa namba hizo ni kwamba ya chini isizidi inayolengwa, na inayolengwa isizidi ya kujengea. Tulipanga 23, 35 na 35. Programu ikaingia simu zote mbili, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Tarehe za madeni zilikuwa zimeandikwa kwa zana za java.time, ambazo zimo ndani ya simu kuanzia namba 26. Manyovu hapakuwa na tatizo. Mabanda programu ilizimika kila mama alipogusa "Deni jipya". Android Studio ilikuwa imechora mstari mwekundu chini ya maneno hayo, na kijana alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea mlio wa jenereta. Dawa ni kuwasha coreLibraryDesugaring, kifaa kinachofungasha zana hizo ndani ya programu yenyewe ili simu ya zamani isizikose.

Nakala ya Jumamosi nayo ikagoma, safari hii Manyovu. Kitabu cha zamani kilifundisha kuandika faili moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu. Programu inayolenga 30 na kuendelea hairuhusiwi tena kufanya hivyo kwenye simu mpya, hata ikiomba ruhusa ya zamani. Tulitumia dirisha la simu lenyewe la kuchagua mahali pa kuhifadhi, ambalo lipo tangu namba 19, kwa hiyo linafanya kazi pande zote mbili za mpaka.

Jambo dogo lililobaki: ukilenga 35, kwenye Android 15 programu hutandazwa skrini nzima, na kitufe cha "Hifadhi" kilichokuwa chini kabisa kikafunikwa na vitufe vya simu. Kilisogezwa juu kwa mistari michache.

Wanaotumia maktaba za watu wengine wajue kwamba nazo zina namba yao ya chini. Maktaba inayodai 24 ndani ya programu ya 23 itasimamisha ujenzi. Kuna njia ya kuilazimisha ipite kwa tools:overrideLibrary, na mimi huwakataza wanafunzi, kwa sababu ujenzi utafaulu kisha simu ya mteja ndiyo itakayozimika. Afadhali toleo la nyuma la maktaba hiyo, au kutoitumia.

Kabla ya kuchagua namba ya chini, zungukia wateja wako. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Toleo la Android. Sisi tulipita vibanda vya soko kwa asubuhi moja na simu kuukuu kuliko zote tuliyoikuta ilikuwa Android 6, ndipo tukabaki na 23. Kwingine huenda 26 ikatosha, na kijana akapunguziwa kazi. Baada ya hapo, jaribu programu kwenye simu ya zamani kuliko zote na mpya kuliko zote, si kwenye simu yako peke yake. Guseni kila kitufe, muandike deni la uongo la dumu moja, mtoe nakala, muifungue upande wa pili.