Tezi ya shingo kuzidisha kazi: Kwa nini wengine huugua zaidi?

UGONJWA wa tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi hauwapati watu wote kwa kiwango kimoja. Idadi ya wagonjwa hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya milima na pwani, na sababu kubwa ya tofauti hiyo ni kiasi cha madini joto, yaani iodini, ambacho wakazi wa eneo husika wamekuwa wakikipata katika chakula.

Tezi hiyo, ambayo wataalamu huiita thairoidi, ina umbo la kipepeo na iko mbele ya shingo, chini ya koromeo. Kazi yake ni kutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili: mapigo ya moyo, joto na matumizi ya chakula. Homoni hizo zikizidi, mwili wote huenda mbio.

Mgonjwa hukonda ingawa anakula vizuri, moyo humdunda hata akiwa ameketi, mikono hutetemeka na jasho humtoka wakati wenzake wanahisi baridi. Wengine huvimba shingo au kutokeza macho. Kwa kuwa kukonda huweza kudhaniwa kuwa ni Ukimwi au kifua kikuu, na moyo kwenda mbio kudhaniwa kuwa ni woga, mgonjwa huweza kuchelewa kupata tiba sahihi.

Katika nchi ambazo watu hupata madini joto ya kutosha, inakadiriwa kuwa watu 2 hadi 13 katika kila 1,000 wana ugonjwa huo. Wanawake ndio huathirika zaidi. Uchunguzi maarufu uliofanywa Whickham, kaskazini mwa Uingereza, miaka ya 1970 ulibaini wanawake wapatao 19 hadi 27 katika kila 1,000, wakati wanaume walikuwa kama 2 tu.

Jambo linaloshangaza ni kwamba uhaba wa madini joto, ambao hujulikana kwa kusababisha rovu na tezi kulegea, unaweza pia kuongeza ugonjwa wa tezi kuzidisha kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalilinganisha Jutland Mashariki nchini Denmark, ambako madini hayo yalikuwa machache, na Iceland, ambako wakati huo samaki wengi waliyafanya yawe tele. Jutland ilipata wagonjwa wapya takriban 39 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Iceland takriban 24.

Wagonjwa wenyewe pia walitofautiana. Iceland wengi walikuwa na ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huichochea tezi bila kukoma, nao huwapata zaidi watu ambao bado hawajazeeka. Jutland wengi walikuwa wazee wenye rovu la vinundu.

Maelezo yake ni haya. Tezi iliyokosa madini joto kwa miaka mingi hupanuka ili kunasa kile kidogo kinachopatikana. Hatimaye huota vinundu, na baadhi yake huacha kutii amri ya ubongo. Madini yakiwa haba, vinundu hivyo havina cha kutengenezea homoni nyingi. Yakiongezeka ghafla, huzalisha bila kipimo.

Hilo ndilo lililotokea Afrika. Mjini Harare, Zimbabwe, baada ya chumvi yenye madini joto kuanza kuenea mapema miaka ya 1990, wagonjwa wapya waliongezeka kutoka takriban 3 katika kila watu 100,000 mwaka 1991 hadi zaidi ya 7 mwaka 1995. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, hali kama hiyo iliripotiwa mwaka 1996 kwa watu wenye rovu la vinundu.

Uchunguzi uliofuata katika nchi saba, zikiwamo Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa tatizo ni chumvi kutiwa madini kupita kiasi na usimamizi hafifu. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake walipendekeza miligramu 20 hadi 40 za madini hayo katika kila kilo ya chumvi inapotoka kiwandani.

Je, chumvi hiyo iachwe? La. Uhaba wa madini joto huharibu mimba na kudumaza akili za watoto, na madhara hayo hayarekebishiki. Ongezeko la tezi kuzidisha kazi, kinyume chake, hupungua baada ya miaka michache, na ugonjwa wenyewe unatibika.

Tanzania, ambayo maeneo yake ya Nyanda za Juu Kusini yalisumbuliwa sana na rovu, ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto mwaka 1986, kisha ikageukia chumvi. Kufikia mwaka 2004, wanafunzi wenye rovu walikuwa takriban asilimia 7.

Hata hivyo, takwimu nyingi za Afrika kuhusu tezi kuzidisha kazi hutoka hospitalini. Asiyefika huko hahesabiwi, na hatari ni kubwa kwa wazee, kwani ugonjwa usiotibiwa huvuruga mapigo ya moyo, huweza kusababisha moyo kushindwa kazi na hata kifo.

Kipimo cha damu hutosha kuutambua. Tiba ni vidonge vya kupunguza homoni, iodini yenye mionzi au upasuaji. Mwenye rovu la miaka mingi ambaye ameanza kukonda na kusikia moyo ukimwenda mbio hana sababu ya kusubiri.