Msichana Aliyedhani Atafukuzwa Cambridge

Wanangu, sogeeni niwasimulie habari za Jocelyn Bell, aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943.

Shuleni kwao, kipindi cha sayansi kilipofika, wavulana walipelekwa maabara, wasichana wakapelekwa kujifunza mapishi. Wazazi wake wakaja juu, na Jocelyn akaruhusiwa kuingia maabara. Katika mtihani wa fizikia akawa wa kwanza.

Alipokwenda chuo kikuu Glasgow, darasa lake la fizikia likabaki na msichana mmoja tu: yeye. Kila akiingia ukumbini, wavulana walipiga miluzi, wakagonga meza na kukanyaga sakafu kwa vishindo. Ilimbidi ajifunze kuuzuia uso wake usiive kwa haya.

Mwaka 1965 akaenda Cambridge kusomea shahada ya uzamivu. Akawasikia wenzake wakizungumza kwa kujiamini, akajiambia moyoni kwamba yeye ameingia kwa makosa, na siku watakapogundua watamfukuza. Basi akaazimia kufanya kazi kwa nguvu zote, ili akifukuzwa asiwe na la kujilaumu.

Alishiriki kujenga darubini ya redio, akipigilia nguzo kwa nyundo nzito. Ilipoanza kazi, mashine ilichora mistari kwenye karatasi, karibu mita 30 kila siku, naye akaikagua kwa macho yake. Mwaka 1967 akaona alama ndogo mno, ambayo wengi wangeipita. Hakuipita. Alifuatilia mpaka akapata mapigo yanayokuja kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Ilikuwa pulsa: mabaki ya nyota iliyokufa, yanayozunguka na kutupa mawimbi ya redio kama mnara wa taa wa baharini. Kabla ya hapo sayansi haikuyajua mapigo hayo.

Waandishi wa habari walipofika, maswali ya sayansi walimuuliza msimamizi wake. Jocelyn wakamuuliza ana wachumba wangapi. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa msimamizi huyo, Antony Hewish, na mwenzake Martin Ryle.

Miaka minne baadaye, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa ambao, kama Jocelyn, bado walijiona wadanganyifu wanaongoja kuumbuliwa. Baadaye ikaonekana kwamba hata wanaume hupatwa na hali hiyo. Lakini hofu ya Jocelyn ilitiwa na watu: waliomfungia mlango wa maabara na waliompigia miluzi. Wako wanaoisifu hofu hiyo kwamba ndiyo iliyomfikisha kwenye ugunduzi wake. Mimi sikubali. Pulsa iligunduliwa kwa akili yake, na akili hiyo alikuwa nayo hata kabla ya kuogopa.

Kwa hiyo binti yangu, ukijiona hustahili kiti ulichokalia, uliza kwanza nani amekuambia hivyo. Nawe kijana, ukiona wenzako wanampigia msichana miluzi, wakanye.

Mwaka 2018 Jocelyn alipewa tuzo ya dola milioni 3. Alizitoa zote kusomesha wanafunzi wa fizikia wanaotoka katika makundi yenye watu wachache kwenye fani hiyo, wakiwemo wanawake na wakimbizi.